Mgongo Uliofunika Raundi ya Saba

"Sentimita sitini na nne," alisema Gramu. Alikuwa amesimama juu ya stuli, utepe wa kupimia ameunyoosha kutoka bega hadi bega la mwamuzi. "Tafadhali usivute pumzi. Ukivuta pumzi zinafika sitini na sita."

"Sasa nipumue lini?" aliuliza mwamuzi.

"Nikishuka."

Msomaji, kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, shika haya machache twende. Jana jioni Friji, bingwa wa uzito wa juu, alipigana na Tingatinga raundi kumi na mbili na hakuna aliyeanguka. Majaji walikuwa watatu. Jaji wa kwanza, Mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alimpa Friji mia na kumi na tano kwa mia na kumi na tatu. Jaji wa pili, Kinyozi, alitoa hesabu hiyohiyo, ila kampa Tingatinga. Ikabaki ya jaji wa tatu, Gramu. Mwenyekiti wa kamati ya ngumi akazifungua karatasi zake moja moja mbele ya watu elfu tatu, na alipofika ya raundi ya saba akaikuta tupu. Akampelekea Gramu kipaza sauti. Gramu akasema neno moja: "Sikuona."

Tuliishia pale viti vilipoanza kuruka.

Vilikwisha kuruka. Sasa ilikuwa saa nne asubuhi, na wasafishaji walikuwa wanavipanga vile vilivyobaki na miguu minne. Ulingo ulikuwa bado katikati ya ukumbi. Mwenyekiti alikuwa amekaa chini yake, tai imelegea, macho mekundu.

"Gramu, ndugu yangu," alisema, "umeshampima bega, kiuno na kisogo. Unatafuta nini? Unamshonea koti?"

"Natafuta kama ningeweza kuona pembeni yake," alijibu Gramu kwa sauti ya chini, akikunja utepe. "Kutoka kwenye kiti changu, na yeye akiwa hatua moja kutoka kwenye kamba, nisingeweza. Nimepiga hesabu mara mbili."

"Mimi mwili nimepewa na Mungu," alisema mwamuzi, ambaye watu wa ngumi humwita Kabati.

"Sikulaumu, kaka. Nakupima tu."

Ndivyo alivyokuwa. Kazi yake ya kila siku ilikuwa ukaguzi wa mizani madukani, na jina la Gramu alilipata siku alipofunga bucha kwa sababu ya gramu tatu. Mwenye bucha alilia. Gramu akampa leso yake, wakakaa pamoja kizingitini mpaka machozi yakakauka, na bucha ikabaki imefungwa. Kwenye ngumi alikuwa na miaka kumi na tisa, na leseni yake ya ujaji aliitembeza kwenye mfuko wa shati, ndani ya plastiki, kama wengine wanavyotembea na picha ya mtoto.

"Haya," alisema Mwenyekiti akisimama. "Andika kumi-kumi, tuondoke."

"Kumi-kumi maana yake niliwaona wote wawili wakalingana. Sikumwona hata mmoja. Niliuona mgongo."

"Basi upe alama huo mgongo!"

Gramu akafikiri. Hakuwa mtu wa kupuuza swali. "Nikiupa, utakuwa umeshinda. Ulitawala ulingo dakika zote tatu na haukuguswa."

Kinyozi akacheka mpaka akashika kiti. Kiti kilikuwa cha miguu mitatu, akaenda nacho chini.

"Na hiyo kumi-kumi yenyewe, Mwenyekiti," alisema Mwalimu, ambaye alikuwa anaandika nyuma ya bahasha, "usiione hivihivi. Bila raundi ya saba, Gramu ana Tingatinga mia na tano, Friji mia na nne. Ukiongeza kumi kila upande, Tingatinga anashinda kwa alama moja. Mkanda unahama."

"Unahama kwenda wapi?" Sauti ilitoka mlangoni, ikafuatiwa na Friji mwenyewe. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa, na la kulia lilikuwa linajitahidi. Mkanda wa ubingwa ulikuwa umezunguka tumbo lake juu ya fulana. Inasemekana alilala nao.

"Hauhami bado," alisema Mwenyekiti haraka.

"Na akinipa mimi hiyo ya saba?"

"Kumi zako, tisa zake, mnatoka mia na kumi na nne kwa mia na kumi na nne," alisema Mwalimu. "Jaji mmoja kwako, mmoja kwake, mmoja sare. Pambano sare, mkanda unabaki kwako."

"Akinipa mimi je?" Huyu alikuwa Tingatinga, ameingia kwa mlango wa pili, anatembea kwa upande kama kaa kwa sababu ya mbavu.

"Unauvaa wewe."

Mabondia wawili wakageuka, wakamtazama Gramu kwa macho matatu.

Mwenyekiti akatoa kijitabu cha kanuni. "Ukurasa wa kumi na moja," alisema. "Jaji ataandika alichokiona kwa macho yake mwenyewe, na si kingine. Nimekisoma usiku kucha mpaka nikagundua kitu. Hakisemi akione lini!" Akapiga meza ya majaji mbele ya Gramu. "Jana hukuona? Utaona leo. Wewe Friji, wewe Tingatinga, pandeni juu. Raundi ya saba irudiwe kama ilivyokuwa, konde kwa konde, taratibu, bila kuumizana. Na Gramu, nisikilize vizuri. Kesho saa tatu asubuhi natangaza matokeo. Karatasi ikiwa bado tupu, nachana leseni yako. Nimeshaandika barua, inasubiri tarehe."

Gramu akagusa mfuko wa shati.

"Nakubali," alisema, "ilimradi niione."

Wakapanda. Gramu akakaa kwenye kiti chake kilekile cha jana, penseli mkononi. Kinyozi akagonga kengele kwa kijiko. Friji na Tingatinga wakasogeleana katikati, na mara Gramu hakuona tena kitu isipokuwa shati jeupe.

"Kabati!" alifoka Mwenyekiti. "Toka hapo!"

"Nitoke niende wapi? Si mmesema kama ilivyokuwa? Mimi nilikuwa hapa."

"Ilivyokuwa kwa wao, sio kwako!"

"Na mimi nilikuwa ndani ya hiyo raundi, Mwenyekiti. Bila mimi hiyo sio ya saba. Hiyo mnatunga."

Wote wakamtazama Gramu, maana hoja kama ile angeipenda yeye tu. Na kweli, aliipenda. "Kaka Kabati ana haki," alisema. "Lakini tunaweza kuweka kitu mahali pake. Kitu chembamba."

Wakaweka fagio. Msafishaji aliyekuwa nalo hakutaka kuliacha mikononi mwa watu asiowajua, kwa hiyo akapanda nalo, mama mfupi mwenye kanga kiunoni, akalishika wima pale Kabati aliposimama jana. Kabati akashuka kwenda kukaa kwa huzuni, akitazama jinsi kazi yake inavyofanywa na fagio.

Kijiko kikagonga tena.

"Nilianza na kushoto," alisema Tingatinga, akinyoosha mkono polepole mpaka ukatua kwenye shavu la Friji. "Ikaingia."

"Haikuingia."

"Iliingia! Ulisema 'aaa'."

"Nilikuwa napiga miayo. Halafu mimi nikakupa hii ya tumboni."

"Ya tumboni ilikuwa raundi ya nne, bwana! Usinihamishie raundi!"

"Nne nilikupa mbili tofauti. Hii ilikuwa ya tatu yake."

Baada ya robo saa walikuwa wamemaliza sekunde nane za pambano, na kwa maelezo yao kila mmoja alikuwa amemwangusha mwenzake mara nne. Mama wa fagio akaomba stuli.

Simu ya Gramu ikalia. Mkewe.

"Baba Watoto, umeandika?"

"Bado, mama."

"Bado! Hapa nje nusu ya mtaa inanisalimia na nusu inanipita kama mti. Muuza mkaa amesema haniuzii mpaka ajue Friji amebaki bingwa. Wewe si uandike tu? Tisa na kumi, kuna namba ngapi hapo mpaka zikushinde?"

"Sikuona, mama."

"Na hiyo leseni ikichanwa, Jumamosi utakuwa unashinda wapi? Hapa ndani? Nakuonya mapema, baba. Siku utakayoanza kupima vijiko vyangu vya chumvi, mimi nakwenda kwa dada."

Akakata. Gramu akaitazama simu kidogo, kisha akaiweka chini kifudifudi. Kwa miaka kumi na tisa Jumamosi zake zilikuwa kiti kile, kengele, penseli na vipande kumi na viwili vya karatasi. Hakujua mtu asiyekuwa na kitu cha kupima Jumamosi hufanya nini.

"Ngoja kwanza," alisema, akasimama. "Tunauliza vibaya."

"Mimi nauliza vibaya?" Mwenyekiti akajishika kifua.

"Wote. Dukani simwulizi muuzaji amepima kiasi gani, maana nitakaa hapo mpaka jioni. Namwuliza mnunuzi amepokea kiasi gani. Kuanzia sasa, hakuna kusema makonde uliyopiga. Kila mtu ataje yaliyompata tu."

Mwalimu akaacha kuandika. "Hiyo ni safi," alisema.

Ilikuwa safi kwa sekunde kumi.

"Friji. Raundi ya saba ulipokea mangapi?"

"Hakuna."

"Tingatinga?"

"Hata moja."

"Jicho hilo je, Friji?"

"Limeingiwa na vumbi."

Gramu akapanda ulingoni bila haraka, akapita chini ya kamba, akamgusa Tingatinga mbavuni kwa ncha ya penseli. Tingatinga akaruka akaning'inia kwenye kamba.

"Hiyo ya raundi gani?"

"Ya saba! Hapana. Ya tisa. Ya... mzee, ukinigusa ghafla hivyo sikumbuki hata jina la mama yangu!"

"Amesema saba!" alipiga kelele Friji. "Mwandikie! Amekiri!"

"Nimekiri moja," alisema Tingatinga, akihema. "Sawa. Ilinipata moja, na ilikuwa nzuri. Mimi mwanamume, siogopi kusema. Wewe je, bingwa? Au utakufa na vumbi lako?"

Lilikuwa tusi kubwa kuliko makonde yote ya jana. Friji akavuta pumzi. Mkanda ukapanda na kushuka.

"Ile ya kushoto ya mwanzo," alisema. "Iliingia. Miayo gani, ilinitoa machozi."

Kumbe walichohitaji kilikuwa mtu mmoja aanze! Kutoka hapo kazi ikaenda kama mashine. Tingatinga alikiri moja ya kidevu. Friji akakiri mbili za sikio, akaonyesha na sikio lenyewe. Walipokumbatiana kwa uchovu, mama wa fagio aliingiza mti wa fagio katikati yao na kusema "Achaneni" kwa namna iliyomfanya Kabati ainue kichwa na kusema, "Hata mimi sisemi vizuri hivyo." Gramu hakuandika kila walichotaja. Konde lililotua kwenye glovu alilikataa. Konde lililopita begani alilikataa. "Hilo lilikupata au lilikusalimia?" aliuliza, na mwenyewe akiona aibu, likafutwa. Kinyozi alitaka kuhesabu pia nani alikuwa anasonga mbele, Mwalimu akataka nani aliongoza pambano, na Gramu akayaweka yote kwenye mistari yake, kila kitu upande wake.

"Dakika ya kwanza imekwisha," alitangaza Mwalimu, saa mkononi. Ilikuwa imechukua saa moja na robo.

"Dakika ya pili imekwisha," alitangaza tena, na sasa hata Mwenyekiti alikuwa amevua tai na kusogea karibu na kamba.

"Soma," alisema.

Gramu akasoma. "Makonde safi, Friji saba. Tingatinga saba. Kusonga mbele, Tingatinga kidogo. Kujilinda, Friji, kidogo hichohicho."

"Yaani?"

"Yaani wako sawasawa. Mpaka hapo sina wa kumpa. Ni dakika ya mwisho itakayoamua raundi, raundi itaamua karatasi yangu, na karatasi yangu itaamua mkanda."

"Basi gonga kijiko tumalize!" alisema Mwenyekiti.

Kinyozi akainua kijiko. Kabla hakijashuka, milango ya ukumbi ikafunguka yote miwili, wakaanza kuingia watu wenye magodoro.

Walikuwa wengi, wamevaa suti, kila wawili na godoro moja. Aliyetangulia alikuwa na karatasi yenye muhuri. "Mkutano mkuu wa wauza magodoro," alisema. "Tumekodi ukumbi kuanzia saa saba mchana mpaka jioni. Jamani, mnaweza kushuka hapo? Jukwaa hilo tunaweka meza kuu."

"Tunahitaji dakika moja tu," alisema Mwenyekiti.

"Dakika moja ya saa au dakika moja ya ngumi?"

Mwenyekiti akatazama saa yake. Akakumbuka saa moja na robo. Mabega yakamwanguka. "Kesho saa mbili asubuhi," alisema. "Wote hapa. Dakika moja iliyobaki. Saa tatu natangaza. Gramu, barua ninayo."

Gramu alichukua stuli, utepe na karatasi zake, akateremkia kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo. Alikuwa na furaha ndogo ya mtu aliyeifikisha kazi theluthi mbili. Mkono mzito ukamshika bega, ukamvuta ndani ya chumba chenye benchi moja na taa inayopepesa.

Friji akafunga mlango kwa mgongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Mzee, nimekwambia ukweli leo kuliko nilivyowahi kumwambia mke wangu. Sasa nimalizie. Dakika ya mwisho siikumbuki."

"Hukumbuki konde lipi?"

"Siikumbuki yote. Ile ya mwisho ya sikio ilipoingia, taa ilizimika. Miguu ilikuwa inacheza yenyewe. Niliamka nimekaa kwenye kona yangu, namwagiwa maji, naambiwa raundi ijayo ni ya nane. Kesho nitakiri nini? Nitapanda pale nisimame kama friji kweli?"

Gramu akakaa kwenye benchi. "Tingatinga atakumbuka. Atasema yaliyompata, tutapata nusu. Nusu ni bora kuliko—"

Bomba la choo likavutwa nyuma ya kijimlango. Kijimlango kikafunguka. Tingatinga akatoka, anafunga mkanda wa suruali.

"Mzee," alisema, "usinitegemee."

"Wewe nawe?"

"Ile ya mwisho niliyoikiri, ya kidevu. Baada ya hapo najua tu kwamba nilimsikia mtu anauza maji ya baridi. Mengine sina." Akamgeukia Friji. "Yaani wewe ulikuwa umelala?"

"Na wewe ulikuwa umelala?"

"Dakika nzima!"

"Sasa nani alikuwa anapigana?"

Wakatazamana. Watu elfu tatu walikuwa wamesimama juu ya viti kushangilia dakika ile. Magazeti ya asubuhi yalikuwa yameiita dakika ya moto. Na ndani yake hapakuwa na mtu.

"Nisikilize, mzee," alisema Friji, akapiga magoti ili macho yake, hata lile moja, yawe sawa na ya Gramu. "Wewe huandiki usichokiona. Tunajua, na tunakuheshimu. Basi tutungie. Sema leo nani apige wapi, sisi tutafanya kesho vilevile, polepole, mbele yako. Utaiona kwa macho yako. Utaandika ulichokiona. Hapo uongo uko wapi?"

Gramu akautafuta uongo. Aliutafuta kwa utaratibu, kutoka mwanzo wa sentensi hadi mwisho, kama anavyokagua mzani uliochezewa. Alijua upo. Mkono ulikuwa unausikia uzito wake. Ila kila alipouweka kidole, ulisogea.

"Nikitunga mimi," alisema polepole, "mkanda nitakuwa nimeutoa mimi."

"Si ndiyo kazi ya jaji?" aliuliza Tingatinga.

"Hapana, mwanangu. Sio hivyo."

"Usipotunga," alisema Friji, "kesho tunasimama pale watu wawili hatujui cha kufanya, karatasi inabaki tupu, leseni yako inachanwa mbele ya watu. Na mimi na huyu hatutajua maisha yetu yote nani bingwa. Wewe ungelala?"

Kupitia ukutani ilisikika sauti ya mtu akijaribu kipaza sauti na kusema maneno kuhusu springi.

Gramu akatoa daftari. Akalifungua ukurasa mweupe, akachora mistari miwili, akaandika juu upande mmoja Friji, upande wa pili Tingatinga. Mistari ilinyooka sana.

"Sijakubali," alisema. "Nataka tu kuona itakavyokaa. Sekunde ya kwanza. Nani anaanza kupiga?"

Mabondia wakafikiri. Anayeanza huinua mkono, na anayeinua mkono huacha mbavu wazi. Hilo walilikumbuka bila msaada wa mtu.

"Aanze yeye," alisema Friji.

"Hapana, bingwa, anza wewe."

"Mimi mwenyeji. Mgeni kwanza."

"Wewe mkubwa. Mimi nakuheshimu."

"Nimekwambia anza!"

"Nimesema tangulia wewe!"

Walikuwa bado wanakaribishana, pua kwa pua, mlinzi alipogonga mlango kwa funguo zake na kusema anafunga upande huu, watu wa magodoro wamelalamika kelele. Gramu akaifuta sekunde ya kwanza, ingawa haikuwa imeandikwa kitu, akabana penseli katikati ya daftari ili apajue atakapoanzia asubuhi, na akatoka kwenda kumweleza mkewe kwamba imebaki dakika moja.